Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Volti na Ampea: Mwongozo Kamili

Saa moja jioni, watu wakisharudi kutoka kazini na kila nyumba ya mtaa imewasha taa, feni na jiko, birika lililochemsha maji asubuhi kwa muda usiofika dakika nne huchukua karibu dakika sita. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema birika limechoka, mwingine husema waya za nyumba zimekwisha, na wa tatu husema umeme wa leo hauna nguvu na bado unakula yuniti. Inawezekana wote wakawa na sehemu ya ukweli, lakini hakuna atakayeujua kwa kubishana, kwa sababu swali hili hujibiwa na namba mbili tu: volti zilizopo kwenye kifaa na ampea zinazopita ndani yake. Kutokana na hizo mbili tunapata ukinzani na nguvu, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipima, namna ya kuzikokotoa, na mahali ambapo watu wengi hukosea.

Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea: volti na ampea zisomwe kwa wakati mmoja, zikihusu kifaa kilekile, kikiwa kinafanya kazi. Anayepima volti asubuhi na ampea jioni, au anayechukua volti 230 kwa sababu ndizo zinazotajwa vitabuni, atapata jibu lenye hesabu sahihi lisilohusu kitu chochote kilichopo nyumbani mwake.

Maneno manne na vipimo vyake

Volteji ni msukumo wa umeme kati ya ncha mbili, nayo hupimwa kwa volti (V). Mkondo ni kiasi cha umeme kinachopita kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea (A). Ukinzani ni kadiri kitu kinavyouzuia mkondo usipite kwa urahisi, nao hupimwa kwa omu, ambayo alama yake ni Ω. Nguvu ni kasi ya kutumia nishati, nayo hupimwa kwa wati (W). Mtaani tunasema umeme "hauna nguvu" tukimaanisha kwamba volti zimeshuka, na msemo huo hauna ubaya katika mazungumzo, lakini katika hesabu nguvu ni wati peke yake. Nishati ni jambo la tano: ni nguvu ikizidishwa kwa muda, na ndiyo inayouzwa kwa LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ambapo yuniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja.

Kanuni zenyewe ni mbili:

Ukinzani = volti ÷ ampea (R = V ÷ I)
Nguvu = volti × ampea (P = V × I)

Ukiziunganisha hizo mbili unapata nyingine mbili, ambazo hutumika pale unapokuwa na ukinzani na kipimo kimoja tu:

P = I × I × R
P = V × V ÷ R

Hii ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu volti zimezidishwa kwa zenyewe. Volti zikipungua kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kifaa cha joto haipungui kwa sehemu moja ya kumi, inabaki 0.9 × 0.9, yaani 0.81, ikiwa imepoteza karibu sehemu moja ya tano.

Kanuni ya kwanza ni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyeitangaza kitabuni mwaka 1827, na kazi yake ina funzo linalotufaa hata leo Dar es Salaam. Betri za wakati wake zilikuwa hazitulii. Volti zilishuka akiwa katikati ya kupima, na vipimo vyake vya kwanza vikamharibikia. Hakufanikiwa mpaka alipoziacha betri akatumia jozi ya metali mbili tofauti, maungio moja yakiwa kwenye maji yanayochemka na mengine kwenye barafu, maana hapo msukumo ulitulia. Sisi hatuwezi kuutuliza umeme wa mtaa, kwa hiyo tunasoma vipimo vyote viwili kwa pamoja ili mabadiliko yake yasituharibie jibu.

Kifaa cha kupimia na hatari zake

Multimita ya kidijiti inapatikana katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, nayo inatosha kwa majaribio ya betri. Katika umeme wa nyumbani kuna makosa mawili ambayo si ya kujifunzia. La kwanza ni kuacha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea kisha kugusa ncha mbili za soketi: mita iliyo kwenye ampea ni kama kipande cha waya, hivyo utakuwa umeunganisha waya wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha, moja kwa moja, na mita inaweza kulipuka mkononi. La pili ni kupima omu kwenye saketi yenye umeme. Omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa, maana mita hutumia betri yake yenyewe katika kipimo hicho.

Kwa ampea za nyumbani, kifaa kinachofaa ni klampu mita, ambayo huuzunguka waya bila kuukata. Taya zake zizunguke waya mmoja tu. Ukizungusha kamba nzima ya birika, mita itasoma sifuri, kwa sababu mkondo unaokwenda kwenye waya wa moto na ule unaorudi kwenye nyutro hufutana. Kwa kuwa nyaya za kamba hazitenganishwi bila kufungua kifuniko, ushauri wangu kwa asiye fundi ni kutumia kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, kile kinachoonyesha volti, ampea na wati huku kifaa kikifanya kazi. Kazi yoyote inayohitaji kufungua meni swichi au soketi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Anza na volti 12

Jifunze kwa betri ya gari kabla ya kugusa jambo jingine. Chukua taa ya indiketa ya volti 12 yenye wati 21, iunganishe na betri kupitia fyuzi ya ampea 10, na mita moja ya ampea ikiwa njiani, yaani mkondo wote upite ndani yake. Mita ya pili, ikiwa kwenye volti, iguse ncha mbili za taa yenyewe. Tuseme unasoma volti 12.4 na ampea 1.78.

R = 12.4 ÷ 1.78 = Ω 6.97
P = 12.4 × 1.78 = W 22.1

Sasa izime taa, ichomoe, iache ipoe, kisha pima omu zake moja kwa moja. Utashangaa kuona kwamba mara nyingi haifiki hata omu moja. Mita haijaharibika. Uzi wa taa umetengenezwa kwa tungsteni, ambayo ukinzani wake hupanda sana joto linapopanda, na uzi unaowaka una joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Namba ya baridi haikuambii taa inatumia wati ngapi. Namba ya volti na ampea ikiwa inawaka ndiyo inayokuambia. Koili ya birika au ya pasi, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromi, hubadilika kidogo sana, kwa hiyo hapo omu za baridi zinakaribia kweli.

Kosa jingine la mwanzo ni la vipimo vidogo. Miliampea 15 si ampea 15, ni ampea 0.015. Ukitaka kuwasha kitaa chekundu cha LED kwa betri ya volti 12, LED yenyewe hubaki na volti 2 hivi, na rizista, yaani kipande kilichotengenezwa kiwe na ukinzani maalumu, hubeba volti 10 zilizosalia. Kwa miliampea 15 unahitaji 10 ÷ 0.015, yaani omu 667, na rizista ya dukani iliyo karibu ni ya omu 680. Nguvu yake ni volti 10 × ampea 0.0147, sawa na wati 0.147, hivyo rizista ya robo wati inatosha. Angalia kwamba tumetumia volti 10 zilizo kwenye rizista, wala hatukutumia 12 za betri. Kila kifaa hukokotolewa kwa volti za ncha zake chenyewe.

Kukagua rola la waya kabla ya kujenga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu anayejenga hutumia fedha nyingi kwenye waya na huwa hana njia ya kujua kama shaba iliyomo ndani inalingana na kilichoandikwa nje. Njia ipo, na ni hesabu ileile.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule ambao mafundi hutumia kwenye soketi, unatakiwa usizidi omu 7.41 kwa kilomita katika nyuzi joto 20. Rola la mita 100 basi lina omu 0.741. Ukipima kwa sehemu ya omu ya multimita ya kawaida utapotea, maana nyaya za mita zenyewe zinaweza kuwa na omu 0.2 au 0.3. Volti na ampea hazina udhaifu huo.

Unganisha betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 10, taa kubwa ya gari ya wati 55, mita ya ampea na rola zima la waya, kimoja baada ya kingine katika mzunguko mmoja. Taa ipo ili kuuzuia mkondo usizidi. Bila taa, betri ingesukuma ampea nyingi mno kupitia rola. Kisha gusa ncha mbili za waya wenyewe kwa mita ya volti, ukigusa shaba ya rola na si klipu za kuunganishia. Soma haraka, kwa sababu mita nyingi za bei ndogo haziruhusu ampea nyingi kupita kwa zaidi ya sekunde chache.

Tuseme umesoma ampea 3.8 na volti 2.93. Ukinzani ni 2.93 ÷ 3.8 = Ω 0.771. Hiyo inaonekana kuzidi 0.741, lakini Dar es Salaam si nyuzi 20. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo katika nyuzi 30 waya halali hufika 0.741 × 1.039 = Ω 0.770. Waya huo ni kamili.

Kama ungesoma ampea 3.5 na volti 3.9, ukinzani ungekuwa Ω 1.11. Kwa kuwa waya mwembamba hukinza zaidi, unapata unene wake halisi hivi: 2.5 × 0.770 ÷ 1.11 = milimita za mraba 1.73. Ama shaba ni nyembamba, ama haikuwa shaba tupu. Kwa vyovyote, waya huo usiwekwe kwenye soketi ya birika na pasi. Kumbuka kuuthibitisha urefu pia. Rola lililoandikwa yadi 100 lina mita 91.4, na hesabu yake lazima ianze na urefu huo.

Birika la jioni

Turudi kwenye ubishi wa mwanzo. Chini ya birika pameandikwa 220–240 V, 1850–2200 W. Wengi hudhani hizo ni wati za kuchagua. Hebu zikokotoe: 240 × 240 ÷ 2200 ni Ω 26.2, na 220 × 220 ÷ 1850 pia ni Ω 26.2. Ni koili moja ile ile. Kinachobadilika ni volti. Kwa hiyo lebo peke yake imekupa ukinzani, na unaweza kujua birika litafanya nini katika volti yoyote.

Kwa volti 230, nguvu ni 230 × 230 ÷ 26.2 = W 2,019, na mkondo ni 230 ÷ 26.2 = A 8.78.
Kwa volti 190 za jioni, nguvu ni 190 × 190 ÷ 26.2 = W 1,378, na mkondo ni A 7.25.

Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 kunahitaji jouli 452,000 hivi. Wati 2,019 huzitoa kwa sekunde 224, na wati 1,378 kwa sekunde 328, bila kuhesabu joto linalopotelea hewani. Hizo ndizo dakika karibu nne za asubuhi na karibu sita za jioni. Ukitaka uhakika kwamba birika ni zima, lichomeke pamoja na kipimo, usome volti na ampea kwa mara moja, kisha ugawanye. Ukipata omu 26 na kidogo, birika halina kosa hata kama maji yanachelewa.

Na yuniti? Jouli 452,000 ni yuniti 0.126, asubuhi na jioni vilevile. Umeme mdogo hulichelewesha birika bila kulifanya litumie yuniti zaidi ya kawaida, isipokuwa kiasi kidogo cha joto kinachopotea kwa kuchelewa. Kama familia inaona yuniti zinakwisha haraka, isilaumu birika kwa sababu ya volti. Itazame linachemshwa mara ngapi na maji kiasi gani.

Mota si birika

Hesabu ya volti mara ampea huzaa wati kamili kwenye betri na kwenye vifaa vya joto. Kwenye pampu ya maji, friji na feni haizai, kwa sababu mkondo wa mota huchelewa nyuma ya volti na sehemu yake hurudi bila kufanya kazi. Pampu inayosoma volti 230 na ampea 3.2 ina volti-ampea 736. Kama kipeo cha nguvu (power factor), yaani sehemu ya volti-ampea inayofanya kazi kweli, kilichoandikwa kwenye lebo yake ni 0.8, wati zake ni 736 × 0.8 = 589, na LUKU huhesabu hizo 589. Vivyo hivyo, 230 ÷ 3.2 huleta 72, lakini hizo si omu za waya wa koili ya mota, ambazo ni chache zaidi. Anayechagua inveta azingatie volti-ampea pamoja na mkondo wa kuwashia, ambao ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa kawaida. Tena volti zikishuka, mota yenye mzigo huelekea kuvuta ampea zaidi badala ya chache, ikapata joto. Ndiyo sababu nashauri friji ilindwe kwa kifaa kinachokata umeme unaposhuka mno.

Kuutafuta muungano mbovu

Matumizi yaliyo muhimu kuliko yote ya kanuni hizi, kwa maoni yangu, ni kutafuta maungio yaliyolegea kabla hayajawasha moto, hasa katika nyumba za karibu na bahari, kama Kigamboni, ambako hewa ya chumvi hula skrubu na shaba. Birika tulilokwisha kulipima sasa linakuwa chombo cha kupimia.

Tuchukulie soketi ya jikoni iliyo mita 25 kutoka meni swichi kwa waya wa 2.5. Bila kitu chochote kuwashwa inasoma volti 226. Birika likiwashwa inasoma 219, na mkondo ni A 8.36. Fundi anapima kwenye meni swichi, birika likiwa bado limewashwa, anapata 225. Maana yake volti moja tu imepotelea nje ya nyumba, na volti 6 zimepotelea ndani.

Ukinzani wa njia ya ndani = 6 ÷ 8.36 = Ω 0.72

Waya wenyewe ni mita 25 za kwenda na 25 za kurudi, jumla 50, na ukinzani wake ni 50 × 7.41 ÷ 1,000 = Ω 0.37. Zimebaki omu 0.35 zisizo na maelezo. Mita ikikosea kwa volti moja, yaani 5 badala ya 6, njia ingekuwa na omu 0.60, ambazo bado zinazidi sana, kwa hiyo shaka haitoki kwenye mita.

Nguvu kwenye kasoro hiyo = 8.36 × 8.36 × 0.35 = W 24

Wati 24 ni chache zikitandazwa kwenye mita 50 za waya. Zikikusanyika kwenye skrubu moja ya nyutro nyuma ya soketi, zinakaribia zile za chuma kidogo cha kulehemu cha fundi redio, ambacho huyeyusha risasi na bati. Saketi breka haitakata, kwa sababu ampea 8.36 ni za kawaida kabisa kwake. Breka hutazama mkondo, wala haijui joto la skrubu. Dalili zitakazoonekana ni plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, harufu ya kuungua, na plagi inayotoka ikiwa ya moto.

Fundi azime meni swichi, ahakikishe kwa mita kwamba umeme haupo, afungue soketi na boksi za maungio zilizo njiani, akate sehemu ya shaba iliyoungua, aisafishe na kuikaza upya, au abadilishe soketi. Kisha apime tena kwa birika lilelile. Ikiwa meni swichi inasoma 225 na soketi 222, mkondo ni 222 ÷ 26.2 = A 8.47, na ukinzani wa njia ni 3 ÷ 8.47 = Ω 0.35, sawa na waya mtupu ndani ya makosa ya mita. Ikiwa bado inasoma 219, muungano mbovu ni mwingine, na kazi haijaisha.